Wakili Asiyekuwa na Mteja Mmoja: Habari za Wanasheria wa Tume za Serikali katika Marekani

  Leo somo letu la historia litatupeleka mbali, mpaka nchi ya Marekani. Hatutasoma habari za vita wala za marais. Tutasoma habari za kazi moja ambayo watu wachache huijua, nayo ni kazi ya mwanasheria aliyeajiriwa na tume ya serikali kusimamia makampuni yauzayo umeme, gesi, maji na simu.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: tume, taftishi, ushuru. Tume ni watu wachache waliopewa kazi maalumu kwa sheria. Taftishi ni uchunguzi unaofanywa mbele ya watu, kwa kuuliza na kujibu, na kila neno huandikwa. Na ushuru, kwa somo la leo, ni malipo mtu anayotozwa kwa kuwekewa au kupelekewa kitu. Mkisha kuyaandika tutaendelea.

Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na mahakama zake. Tena kila jimbo lina tume ya namna hii ninayoisema. Ndani ya tume wamo makamishna, ambao ndio waamuzi, wamo wahandisi, wamo wahasibu, na wamo wanasheria. Mwanasheria mwandamizi ni yule aliyekwisha kukaa katika kazi hiyo miaka mingi, akapewa kesi zilizo nzito. Wakili wa kawaida ana mteja wake, naye mteja humjia na kumwambia shida yake. Huyu hana mteja wa kumjia mlangoni. Wanaomtegemea ni watu wote wanaowasha taa, na wengi wao hawajui kama yupo.

Je, watu hawa walitoka wapi? Ili kujibu, twende kwanza Chicago, mji ulio katika jimbo la Illinois, ukingoni mwa ziwa kubwa.

Baada ya mwaka 1860 wakulima wa Illinois na majimbo ya jirani walikuwa wakilima ngano na mahindi kwa wingi sana. Gari la moshi lilichukua nafaka mpaka Chicago, na kutoka Chicago ilipakiwa melini kupelekwa mashariki. Lakini katikati ya gari la moshi na meli palikuwa na ghala. Maghala yale hayakuwa kama maghala yetu ya mabati. Yalikuwa majengo marefu sana, yenye mikanda ya vindoo iliyoendeshwa kwa mashine, ikipandisha nafaka juu na kuimwaga katika vyumba virefu kama visima. Ghala moja liliweza kuweka kati ya busheli 300,000 na busheli 1,000,000 kwa wakati mmoja. Busheli ni kipimo chao. Hupungua kidogo tu kufikia debe mbili zetu.

Mkulima aliyepeleka ngano yake huko hakuiona tena. Haikuwekwa katika magunia yake yenye alama yake. Ilichanganywa na ngano ya watu wengine wa daraja moja, naye akapewa karatasi ya stakabadhi. Basi fikirini: nani alipima? Mwenye ghala. Nani alisema ngano hii ni ya daraja la kwanza au la pili? Kwa muda mrefu, wakulima walilalamika kwamba neno la mwisho lilikuwa la wakubwa wa biashara ile. Na ushuru wa kuweka, nani aliupanga? Mwaka 1874 palikuwa na maghala 14 ya namna hiyo katika Chicago, yakimilikiwa na watu wapatao 30 katika makampuni tisa. Kila mwaka wenyewe walipatana ushuru, kisha katika mwezi wa Januari wakautangaza katika magazeti. Hawakujificha. Mimi naona jambo hilo ndilo linaloonyesha nguvu yao kuliko jingine lolote, kwa maana mtu hutangaza mapatano ya namna ile akijua kwamba hakuna wa kumfanya neno.

Wakulima waliungana. Mwaka 1870 jimbo la Illinois lilipata katiba mpya, na ndani yake mlikuwa na sura nzima juu ya maghala ya nafaka. Mwaka 1871 bunge likatunga sheria na kuweka Tume ya Reli na Maghala. Sheria ilisema kila mwenye ghala kubwa la Chicago achukue leseni. Ikasema pia ushuru usizidi senti mbili kwa busheli kwa siku 30 za kwanza, na baada ya hapo nusu senti kwa kila siku 15, au sehemu ya siku hizo. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Kampuni moja, ya Munn na Scott, ilikataa. Haikuchukua leseni, na iliendelea kutoza ushuru wake wa zamani. Ikashtakiwa na kutozwa faini ya dola 100. Faini hiyo haikuwa kitu kwa watu wenye mali kama ile, lakini hawakutaka kulipa, kwa sababu waliona mbali: wakilipa dola 100 leo, wamekubali kwamba serikali ina haki ya kuwapangia bei kesho. Wakakata rufani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani.

Kabla kesi haijafika mwisho, kampuni yenyewe ilianguka. Mwaka 1872 ilijulikana kwamba baadhi ya vyumba vyao vya nafaka viliwekewa sakafu ya uwongo karibu na juu, na nafaka kidogo ikatandazwa juu yake. Aliyechungulia kutoka juu aliona chumba kimejaa, kumbe chini ni kitupu. Maana yake ni kwamba watu walishika stakabadhi za ngano isiyokuwapo. Munn na Scott walifukuzwa katika soko la nafaka la Chicago. Hata hivyo kesi iliendelea, kwa sababu jambo lililoshindaniwa lilikuwa kubwa kuliko watu wawili.

Aliyesimama kuitetea sheria ya Illinois alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, James K. Edsall. Mawakili wa wenye maghala walisema hivi: ghala ni mali ya mtu, na bei ya kukodisha mali ya mtu ni shauri la mwenyewe na mteja wake, serikali ikimpangia bei, imemnyang'anya. Upande wa serikali ulijibu kwamba ghala lile limekaa njiani, katikati ya shamba na soko, na kila apitaye hana budi kutoa kitu.

Tarehe 1 Machi, 1877, hukumu ilitolewa. Majaji saba walikuwa upande wa serikali, wawili wakapinga. Jaji Mkuu, Morrison Waite, alieleza kwamba mtu akiitoa mali yake kwa matumizi ambayo watu wote wana haja nayo, amewapa watu wote sehemu ya haki juu ya mali hiyo, na serikali yaweza kuisimamia kwa faida ya wote. Hoja hiyo hakuitunga yeye. Aliitoa kwa mwanasheria wa Uingereza wa karne ya 17, Matthew Hale, aliyeandika juu ya bandari na ushuru wake. Jaji Stephen Field alipinga kwa maneno makali. Aliuliza: kama ni hivyo, ni mali gani itakayosalimika? Kesho si watapanga hata kodi za nyumba? Wasikilizaji, msimdharau Jaji Field. Swali lake lilikuwa swali la haki, na lingali likiulizwa.

Haya, ushindi ulipatikana. Lakini kuwa na haki ya kupanga bei si sawa na kujua bei ipi ni ya haki. Tena mwaka 1886 Mahakama Kuu iliyafunga majimbo mkono mmoja. Kampuni ya reli ya Wabash ilitoza senti 15 kwa kila ratili 100 za mzigo kutoka Peoria kwenda New York, na senti 25 kutoka Gilman kwenda New York, ingawa Gilman ilikuwa karibu zaidi kwa maili 86. Kwa behewa la ratili 26,000, mtu wa Peoria alilipa dola 39, na mtu wa Gilman, aliye karibu, akalipa dola 65! Illinois ilitaka kuzuia jambo hilo. Mahakama ikasema safari ivukayo mipaka ya majimbo si kazi ya jimbo. Ndipo mwaka 1887 Marekani yote ikawekewa tume moja ya biashara ya kati ya majimbo.

Mwaka 1898 likaja jambo jingine zito zaidi kwa wanasheria wetu. Katika kesi ya reli za jimbo la Nebraska, Mahakama Kuu ilisema kwamba bei yoyote ipangwayo na serikali lazima iiachie kampuni faida ya haki juu ya thamani ya haki ya mali yake. Maneno mazuri. Lakini thamani ni nini?

Tuchukue mfano wa mashine ya kusaga. Mtu amenunua mashine kwa shilingi 10,000. Serikali inasema, apate faida ya 6 katika kila 100 kwa mwaka. Atapata shilingi 600. Sasa yule mtu anasema, "Mashine yangu sasa ina thamani ya shilingi 30,000, kwa kuwa watu wengi wananijua, na hakuna mashine nyingine hapa kijijini." Akikubaliwa, faida yake ni shilingi 1,800, nazo zitatoka katika mifuko ya wale wanaosaga unga. Hakuongeza hata bolti moja katika mashine, ameongeza maneno. Basi toka mwaka 1898, wakili aliyetaka kuwatetea watu ilimlazimu ajue kusoma daftari za hesabu kama ajuavyo kusoma sheria. Ilimbidi aulize: mashine hii ulinunua kwa kiasi gani, lini, kwa nani, na risiti iko wapi?

Mtu aliyeonyesha jinsi ya kuuliza maswali hayo ni Charles Evans Hughes. Alizaliwa mwaka 1862 katika Glens Falls, jimbo la New York, mwana wa mhubiri. Alikuwa wakili na mwalimu wa sheria, na mpaka mwaka 1905 watu wengi hawakumjua. Mwaka huo watu wa mji wa New York walikuwa wakilia juu ya bei ya gesi. Gesi ndiyo iliyowasha taa na kupikia katika nyumba nyingi, nayo iliuzwa dola moja kwa futi za ujazo 1,000. Bunge la jimbo liliweka kamati ya uchunguzi, na kamati ikamwomba Hughes awe wakili wake.

Hughes hakupiga kelele. Hakuwatukana wakubwa wa kampuni. Aliketi na daftari zao, akazisoma, kisha akawaita mmoja mmoja na kuwauliza kwa utaratibu: gesi hii inawagharimu kiasi gani kuitengeneza? Mabomba haya mliyahesabu kwa bei gani? Na nambari hii, je, ni kitu gani? Nambari hiyo ilikuwa muhimu. Mwaka 1884 makampuni kadhaa ya gesi yaliungana kuwa kampuni moja kubwa, na katika kuungana waliandika kwamba ruhusa zao za kupitisha mabomba chini ya barabara za mji zilikuwa na thamani ya dola 7,781,000. Ruhusa zenyewe zilitoka kwa watu wa mji. Sasa watu wa mji walikuwa wakilipa faida juu ya kitu walichokitoa wao wenyewe.

Uchunguzi ulipokwisha, jimbo liliweka tume ya gesi na umeme, na mwaka 1906 bei ikapangwa: senti 80 badala ya dola moja. Kampuni ikaenda mahakamani. Jaji wa kwanza aliipa kampuni haki. Tena akaona kwamba ruhusa zile sasa zilifikia dola 12,000,000. Kwa muda wote huo wenye nyumba waliendelea kulipa dola nzima, na senti 20 zilizoshindaniwa ziliwekwa amana chini ya mahakama. Tarehe 4 Januari, 1909, Mahakama Kuu ilitoa neno lake. Ruhusa zilikubaliwa kwa kiasi kile cha mwaka 1884 tu, si zaidi. Sifa njema ya kampuni isiyokuwa na mshindani haikuhesabiwa kuwa mali. Majaji wakasema, bei ya senti 80 ijaribiwe kwanza. Ikionekana kwa vitendo kwamba kampuni inapata hasara, na irudi mahakamani. Zile senti zilizowekwa zikarudishwa kwa wenyewe.

Senti 20! Lakini mwenye mshahara wa chibarua, anayelipa gesi kila mwezi kwa miaka mitatu, hakuziona ndogo.

Kwa wakati huo Hughes alikuwa amekwisha kuchaguliwa gavana wa New York. Mwaka 1907 alisukuma sheria ya kuweka tume mbili za kudumu, moja kwa mji wa New York na moja kwa sehemu nyingine za jimbo. Mwaka huohuo jimbo la Wisconsin nalo liliipa tume yake ya reli kazi ya kusimamia gesi, umeme, maji na simu. Majimbo mengine yakafuata upesi. Kamati ya bunge huuliza kwa majuma machache kisha hutawanyika. Tume ya kudumu ina ofisi, ina makabati ya majalada, na ina mwanasheria anayekumbuka kampuni ilisema nini miaka mitano iliyopita.

Mwanasheria huyo hufanya nini siku kwa siku? Kampuni ikitaka kupandisha bei, huleta maombi, na maombi yenyewe huwa mzigo wa karatasi. Yeye na wahasibu huyasoma. Huandika maswali na kuyapeleka kwa kampuni, nayo hulazimika kujibu. Kisha siku ya taftishi hufika. Mashahidi wa kampuni huapishwa, naye huwahoji. Wananchi pia huja kusema. Baadaye huandika hoja zake, na makamishna huamua. Wasiporidhika, kampuni hukata rufani, naye huenda mahakamani kuutetea uamuzi. Tena yako mambo asiyoruhusiwa: wakati kesi inaendelea, haruhusiwi kumwendea kamishna kwa siri na kumnong'oneza. Katika majimbo mengi wanasheria wa tume hugawanyika, hawa wakihojiana na kampuni mbele ya watu, na wale wakiwashauri makamishna. Kampuni huwa na mawakili wengi na hulipa mishahara mikubwa kuliko serikali. Kwa hiyo hutokea kwamba kijana akisha kufundishwa kazi na tume, akaijua vizuri, huhamia upande wa pili wa meza. Si kosa kwa sheria, ingawa majimbo mengi yameweka mipaka, lakini mimi naona ni hasara ambayo haiandikwi katika daftari lolote.

Uvumilivu unaohitajika mtauona katika kesi ya simu za Chicago. Mwaka 1923 tume ya jimbo la Illinois iliamuru bei za simu za kutumbukiza sarafu zipunguzwe. Kampuni ya simu ikapata amri ya mahakama ya kuzuia, kwa sharti kwamba ikishindwa itawarudishia watu pesa zao. Mawakili wa upande wa watu waliona jambo la ajabu. Kampuni ya Chicago ilikuwa mali ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani, na vyombo vyake ilivinunua kwa kampuni ya tatu, nayo pia mali ya ile kubwa. Ni kama mtu anayenunua kwa ndugu yake wa tumbo moja, kisha anatuletea risiti na kusema, "Tazameni gharama yangu." Bei hiyo ni ya kweli, au wamekubaliana nyumbani? Mwaka 1930 Mahakama Kuu ilisema swali hilo lazima lijibiwe, ikairudisha kesi ichunguzwe upya. Mwaka 1934 kesi ilirudi kwa majaji, na safari hii kampuni ilishindwa, zaidi kwa sababu ilikuwa imeandika uchakavu wa mitambo yake kuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa. Watu wakarudishiwa mamilioni ya dola, baada ya miaka 11. Jaji Mkuu aliyeandika hukumu zote mbili alikuwa Charles Evans Hughes, yule yule wa gesi ya New York.

Na ile kanuni ya mwaka 1898 juu ya thamani? Mahakama Kuu iliilegeza mwaka 1944, katika kesi ya kampuni ya gesi ya Hope. Tangu hapo tume hazikufungwa kwa njia moja ya hesabu. Hutazamwa matokeo, kama bei ni ya haki kwa anayelipa na kwa aliyetia mtaji wake.

Kwetu Tanzania, sheria ya kuanzisha EWURA, mamlaka ya kusimamia nishati na maji, ilitungwa mwaka 2001, na kazi ikaanza mwaka 2006. Neno taftishi mliloandika ubaoni si la kigeni huko. Ndilo linalotumika wananchi wanapoitwa kutoa maoni juu ya bei ya umeme au maji.

Sasa hesabu ya juma hili. Mkulima ameweka busheli 1,000 za ngano katika ghala la Chicago kwa siku 50, kwa ushuru wa sheria ya mwaka 1871. Kumbukeni, sehemu ya siku 15 huhesabiwa kama siku 15 kamili. Mwenye ghala anamletea hati ya dola 45. Je, adaiwe kiasi gani, na amezidishiwa kiasi gani? Fanyeni kwanza kila mtu peke yake, kisha mwalimu asahihishe ubaoni. Kwaherini mpaka juma lijalo.